Kiti Changu Kwenye Duara

Mama alinituma kwa mkutano wa wazazi kwa sababu ilikuwa siku ya soko Oyugis na nyanya hazingengoja. Shule ya upili ambayo mdogo wangu alikuwa anajiunga nayo iko karibu na Rodi Kopany. "Wewe ndiwe mkubwa wake," Mama akasema. "Sikiliza vizuri, chagua, tia sahihi." Mimi niliishia darasa la nane.

Shule ile ilifundisha historia na fasihi kwa njia mbili. Darasa moja lilipewa noti na maswali ya mitihani iliyopita. Lingine lilisoma vitabu vizima, hata vya watu wa kale, kisha wanafunzi wakakaa kwa duara wakabishana. Mdogo wangu alikuwa ameniambia tukichota maji: "Dada, niwekee duara. Noti nitanakili popote."

Mwalimu wa duara alitupangia viti sisi wazazi tuonje somo lake. Kila mmoja angesoma aya moja kwa sauti. Baba mmoja mwenye kofia akanitazama.

"Huyu naye ni mzazi? Si bado anaposwa?"

Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikahesabu viti, nikahesabu aya. Yangu ilikuwa ndefu, na mimi husoma kwa kidole. Kitabu kilipomfikia jirani yangu niliinuka kama mtu anayeenda chooni, nikavuka uwanja hadi meza ya darasa la noti. Pale walitaka sahihi tu. Nikatia.

Jioni Mama aliuliza nimechagua lipi.

"La noti. Wale wengine wanapiga domo tu, mtoto ataanguka."

"Sawa, nyathina, mtoto wangu," akasema, akaendelea kuchambua nyanya zilizobaki. Mama huniamini. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikaa kwenye duara lao?"

"Nilikaa."

"Na hukupenda?"

"Sikupenda."

Hakulia. Wiki iliyofuata nilirudi shuleni bila kumwambia mtu. Karani akasema duara limejaa.

Sasa akija likizo huazima vitabu vya wenzake wa darasa lile, hunisomea nikipika. Juzi alisimama katikati ya ukurasa, mahali mfalme anakataa kumzika adui yake.

"Wewe unaonaje, Dada? Alifanya vizuri?"

Nilikuwa na jibu. Nikamwambia moto unazimika, alete kuni.