Winga Aliyecheza kwa Jina la Mwenzake

Yule winga wa kushoto ambaye watu wa Tororo bado wanamzungumzia wakinywa chai ni ndugu yangu. Tumenyonya ziwa moja. Mimi nilitangulia, yeye akafuata. Nimelikana jambo hili sokoni, mpakani, harusini, na mara moja katika ukumbi wa chuo, mbele ya wanafunzi niliokuwa nikiwafundisha umuhimu wa kusema kweli. Siandiki jina la mtu yeyote hapa, na mkifika mwisho mtaelewa kwa nini.

Aliyenisumbua zaidi ni mzee mmoja anayebadilisha fedha Busia, upande wa Uganda. Ujanani alishika kibendera kando ya uwanja wa Tororo, na mtu aliyezoea kutazama miguu ya watu hasahau mwendo. Kila nilipovuka kununua matoke aliniambia kwamba ninatembea kama yule kijana, bega la kushoto likitangulia. Nilimjibu kwamba ni uzito wa mkoba wa vitabu. Alicheka, akanibadilishia pesa zangu, akaniagiza nimsalimie ndugu yangu nisiyekuwa naye.

Asubuhi ile hakucheka. Alinilaki kabla sijafika kwenye meza yake, na mkoba wake wa fedha alikuwa ameufunga, jambo asilolifanya kamwe kabla ya adhuhuri.

"Mwalimu," akasema, "leo usinikatalie. Pole sana. Redio ya Tororo imetangaza asubuhi. Ile kijana yetu amekufa."

Nilifungua mdomo nikane kama kawaida yangu. Badala yake nikaanza kutafuta simu mkobani.

Hapa sina budi kueleza ya zamani, maana hofu yangu ya siku ile ilianza huko. Ndugu yangu alikuwa mtoto wa Busia ya Kenya, na timu ya mji wa Tororo ilikuwa imemsajili winga mwingine kabisa, kijana kutoka Kiyeyi, kijiji cha huko huko Tororo. Yule kijana, nasikia, alikuwa na mguu mtamu kuliko wa ndugu yangu. Lakini kabla ligi haijaanza alianguka mazoezini, goti likageuka upande usio wake. Kadi yake ya mchezaji ilikuwa tayari, jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa, na mechi ya kwanza ilikuwa inakaribia. Viongozi wa timu wakafanya kile ambacho watu wa mpakani hufanya bila kukosa usingizi: wakabandua picha ya yule wa Kiyeyi, wakabandika ya ndugu yangu.

Msishangae sana. Sisi huku kila mtu ana bibi upande wa pili, laini mbili za simu na noti za nchi mbili mfukoni. Jina la kuazima lilikuwa kama mwavuli wa kuazima: unarudisha mvua ikikatika. Vijana wenyewe walikubaliana, wakawa marafiki. Mwenye jina alikuwa akija uwanjani na gongo lake la kutembelea, anakaa nyuma ya goli, anasikia jina lake likiimbwa na umati mzima, wakati mguu unaoimbwa ni wa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa chuo kikuu wakati huo, nikirudi likizo. Nilikwenda kutazama mechi, nikautazama umati kuliko mpira tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Niliogopa mtu atamtambua. Niliogopa zaidi mama yetu, ambaye hakuwahi kumeza vizuri jambo hili la mwanawe kuitwa jina la ukoo wa watu wengine. Siku moja ndugu yangu alikwatuliwa, akalala chini, na mama akasimama katikati ya umati na kumwita kwa jina lake la kweli, kwa sauti ya mama wa Kisamia anayeita mtoto kutoka ng'ambo ya mto. Niliona kifo. Mzee mmoja mbele yetu akageuka, akamuuliza mama kwa upole kama amempoteza mtoto. Mama akasema ndiyo.

Kisha akaja bwana kutoka Kampala, wa timu kubwa. Alimtazama ndugu yangu mechi mbili, akampenda. Naye alikuwa mtu mwenye adabu, na adabu ndiyo iliyotumaliza. Badala ya kumaliza mambo uwanjani, aliona si vizuri kumchukua kijana wa watu bila kuwasalimu wazazi. Akauliza kwao ni wapi, akaambiwa ni Kiyeyi, akaenda. Akachinjiwa kuku. Alipomaliza kula aliomba amwone mchezaji, na aliyeletwa mbele yake, kwa jina lile lile, ni kijana anayetembelea gongo.

Nasikia yule bwana hakugombana na mtu. Alinawa mikono, akashukuru kwa kuku, akaondoka. Hakurudi tena. Na ndugu yangu hakuweza kujitokeza kwa jina lake mwenyewe, maana timu ingenyang'anywa pointi zote na kombe ililolitwaa kwa mabao yake. Akaacha. Mashabiki wakaambiwa ni goti, na kwa kuwa goti la mwenye jina hilo lilikuwa limeumia kweli, uongo ulisimama wima. Mpaka leo Tororo inalililia goti lile. Ndugu yangu ana magoti mawili mazima. Anaendesha lori kwenda Juba, na akilini mwangu kila lori linalopinduka katika barabara ile ni lake.

Kwa hiyo mzee wa fedha aliponipa pole, nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Jina lililotangazwa lilikuwa na watu wawili. Mmoja wao alikuwa amekufa. Nilimuuliza redio ilisemaje, nikijitahidi kuuliza kama mtu asiyehusika. Akayarudia maneno: jina, mchezaji wa zamani wa timu ya mji, amefariki, habari za mazishi zitafuata. Mchezaji wa zamani. Maneno hayo yalikuwa ya ndugu yangu. Yule wa Kiyeyi hakucheza hata mechi moja.

Nikapiga simu ya ndugu yangu. Mteja hapatikani kwa sasa. Nikapiga laini yake ya Uganda. Haipatikani. Alikuwa ameniambia siku chache nyuma kwamba yuko kwenye foleni ya malori Malaba na kwamba akivuka atapiga. Hakupiga. Nikampigia wifi yangu, Eldoret, na aliposema haloo kwa furaha nikashindwa. Nikamuuliza kama mvua imeanza. Nikamuuliza bei ya mahindi. Aliponiuliza kama nimezungumza na mumewe, nikasema nitampigia baadaye, nikakata. Ndizo shahada mbili za chuo kikuu hizo.

Mzee akasema yeye anakwenda Tororo, na mimi nitakwenda naye. Hakuniuliza kama nataka. Pikapu ilikuwa ya fundi wa magurudumu, kijana wa upande wetu wa Kenya, ambaye alizaliwa ndugu yangu akiwa karibu kuacha mpira na ambaye hata hivyo anazo kumbukumbu zake zote, alizorithi kwa baba yake. Nilikaa katikati yao, simu mapajani.

Niwasifu mashabiki kwa jambo moja: hawamsahau mtu aliyewaahidi kitu. Wale waliofika, waliocheza Kampala na Nairobi na ng'ambo, wanatajwa kwa heshima na mazungumzo yanaisha. Wasiofika ndio wanaopendwa. Asiyefika unaweza kumwongezea mabao kila mwaka. Hana mechi mbaya ya kukuaibisha. Tulipoipita njia ya Buteba ndugu yangu alikuwa amekwisha kufunga, midomoni mwao, bao la kona bila mpira kuguswa na mtu. Kilomita chache mbele, bao lile lile likafungwa kwa kichwa.

"Huyo msee alikuwa moto, madam," fundi akaniambia. "Hao wa siku hizi ni kelele tu. Yeye angetufikisha mbali."

"Goti," akasema mzee.

"Goti, walai."

Wakatikisa vichwa kwa heshima ya goti.

Alikuwa. Kila waliposema alikuwa, nilihisi kama mtu anashindilia udongo. Nilitaka kuwaambia kwamba ninyi mnamlilia mguu, mimi ninauliza kama yuko hai. Lakini kusema hivyo ni kufichua kila kitu, na kama alikuwa amekufa, ningekuwa nimemvua kombe lake siku ya msiba wake. Nikapiga tena. Mteja hapatikani. Nikaanza kufikiri ni nani atakwenda kumleta, nani atamwambia mama, ambaye sasa hivi masikio yake ni mazito, kwa hiyo itabidi nipige kelele. Wazo hilo la kupiga kelele ndilo lililonitia woga kuliko mengine yote.

Kisha likanijia wazo jingine, baya zaidi, na lilinijia kama dua. Nilijikuta nikiomba awe yule mwingine. Nilimwomba Mungu, waziwazi, moyoni, kwamba awe wa Kiyeyi. Nilimjua mtu huyo. Alikuwa akituletea karanga mbichi kila msimu, miaka mingi baada ya mpira kuisha, na aliketi na ndugu yangu uani wakicheka mambo wasiyomwambia mtu. Mara ya mwisho aliniambia kwamba wanawe wanapenda sana mpira, akanitazama kama anataka kuongeza neno, akaacha. Mimi nikawa nataka afe. Mwamba wa Tororo ulitokea mbele yetu, mkubwa na wa kijivu, nami sikuuona vizuri kwa machozi. Mzee akanipa leso. Akaniambia, taratibu, kwamba sasa nimekubali.

Mjini Tororo tulisimama kwenye kibanda cha chai ambako mashabiki wa zamani hukutana. Walikuwa wamejaa. Walikuwa wamekwisha kukubaliana jezi itakayowekwa juu ya jeneza, na walikuwa wakibishana kuhusu nani ataibeba. Mzee akawanong'oneza mimi ni nani, wakanipisha njia. Wanaume wazima waliinama kunisalimu, wakaniita dada wa marehemu, na hakuna aliyeniuliza kama ni kweli. Nililetewa chai. Nikairudisha mezani bila kuionja. Mmoja akaleta habari mpya: mazishi ni Kiyeyi.

Mngedhani hapo ningepumua. Kiyeyi ni kwao mwenye jina. Lakini hofu haijui kufanya hesabu. Nikawaza: kama lori lilipinduka na mfukoni mwake kulikuwa na jina lile, je, watampeleka wapi isipokuwa Kiyeyi? Aliwahi kuniambia kwa utani kwamba kadi ile ya mchezaji bado anatembea nayo kwenye pochi yake, kama hirizi. Picha ni ya kwake, jina ni la Kiyeyi. Mtu wa kwanza atakayeifungua pochi hiyo atajua pa kumpeleka. Nikajiona nikifika kwenye boma la watu na kuwaomba wanipe maiti yangu.

Tukaondoka kuelekea Kiyeyi, sasa tukiwa na pikipiki nyingi nyuma yetu zikipiga honi. Lami iliisha. Fundi aliendesha polepole, kama tumembeba marehemu mwenyewe. Hapo ndipo simu ilipolia mapajani mwangu, namba ya Uganda nisiyoijua. Niliiangalia ikilia. Mzee akasema pokea, Mwalimu, na mimi bado nikaiangalia, kwa sababu wakati inalia ndugu yangu alikuwa hajafa bado.

Nikapokea. Kulikuwa na upepo, na kwa mbali sauti za wanawake wakilia.

"Dada," sauti ikasema. "Ni mimi. Simu zangu zote zimezima, hapa hakuna stima."

Nikauma leso ya mzee.

"Uko wapi?"

"Kiyeyi, tangu jana jioni. Ndugu yetu ametutoka, dada. Tumbo. Lilimsumbua siku mbili tu. Nililiacha lori Malaba nikaja." Nikamsikia akisogea mbali na watu. "Nasikia Tororo nzima inakuja."

"Tuko njiani nao."

"Basi nisikilize kabla hamjafika. Watoto wake. Aliwaambia yeye ndiye aliyecheza. Wamekua wakijua hivyo. Hata lile tangazo la redio, mtoto wake mkubwa ndiye aliyelipeleka." Sauti yake ikapasuka kidogo. "Ile kadi nimeichoma asubuhi. Goti lilikuwa lake, jina lilikuwa lake. Mpira na uwe wake pia. Ukinikuta hapa, mimi ni rafiki wa marehemu, basi. Umenisikia, dada?"

Mzee alikuwa ameinamisha sikio. Fundi alikuwa amesimamisha gari kabisa. Nyuma, honi zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine.

"Nimekusikia," nikasema.

"Ni nani?" mzee akauliza.

Simu ilikuwa bado sikioni mwangu, na ndugu yangu alikuwa bado anapumua ndani yake, nami nikihesabu kila pumzi.

"Ndugu yangu," nikamwambia mzee. "Ni dereva wa lori. Huyu hajawahi kucheza mpira."