Kiti cha Nyuma cha Bwana Mita

Mtaani walimwita Mama Pindo, maana pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo yenyewe ichakae. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa kicheko cha ghafla na macho yaliyozoea kutazama karibu: tundu la sindano, mshono, kifungo. Cherehani chake kilikaa barazani, chini ya dirisha la chumba cha kulala, na tangu aolewe alikuwa hapo akikanyaga.

"Mimi nimepiga pedali maisha yangu yote," aliwaambia wateja, "na sijafika hata pale kwenye kona."

Aliyefika mbali ni mumewe. Yeye alikuwa msoma mita za maji za vijijini, na jina lake likawa Bwana Mita. Asubuhi alitoka na baiskeli yake nyeusi, akakata mashamba, akashuka mabondeni, akafuata njia za pwani mpaka mita ya mwisho, kwenye nyumba ya mlinzi wa mnara wa taa. Barabara kuu hakuitaka. Malori, alisema, yana haraka ya kwenda kuegeshwa. Alipenda njia nyembamba ambazo gari likiingia linajuta, na jioni alirudi na vumbi lake na habari zake: leo mihogo imepaliliwa, leo bahari imechafuka, leo nimemkuta punda amelala katikati ya njia kama mwenye hati ya kiwanja.

"Siku moja nitakupakia nikupeleke," alimwambia mkewe. Lakini siku hiyo ilipokaribia palikuwa na gauni la bibi harusi, au sare za shule, na Mama Pindo akabaki na njia za kusimuliwa.

Kisha ikaja presha ya macho. Ilikuja kimyakimya, ikala pembeni kwanza, na walipofika hospitali daktari hakuwaficha. "Kilichokwisha kuondoka hakirudi," alisema. "Tutajitahidi kulinda kilichobaki." Kilichobaki kilikuwa mwanga na vivuli. Bwana Mita akaacha kazi, baiskeli ikaegemezwa ukutani ukumbini, na yeye akawa mtu wa kukaa ukingoni mwa kitanda. Mama Pindo akiwa barazani alimsikia kupitia dirishani, au tuseme hakumsikia. Redio alikuwa nayo, ila hakuiwasha.

Siku moja mkewe aliingia kuchukua uzi, akamkuta ameipindua baiskeli juu ya gunia. Alikuwa anazungusha pedali kwa mkono, ameinamisha kichwa, anasikiliza gurudumu likizunguka mpaka lisimame lenyewe. Likisimama, anazungusha tena. Mama Pindo alirudi kinyumenyume, na uzi hakuuchukua.

Jioni ile alikwenda kwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, muuza mboga aliyekuwa akipeleka matenga yake sokoni kwa baiskeli.

"Wifi, nataka unifundishe baiskeli."

"Kwa umbo hilo?" Wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Baiskeli yangu imekukosea nini?"

"Acha utani. Kaka yako anakufa huku anapumua."

Wifi aliacha kucheka. "Kesho alfajiri," alisema. "Uwanja wa shule."

Basi kila alfajiri Mama Pindo alimwambia mumewe anakwenda kuchukua vipimo vya mteja, naye akaenda kuanguka. Alianguka kushoto, akaanguka kulia, akaingia mzimamzima kwenye ua wa miba. Tabu yake ilikuwa macho: alitazama gurudumu.

"Tazama mbele!" Wifi alipiga kelele huku akikimbia ameshika kiti. "Huko chini hakuna mshono, wifi! Mbele!"

Asubuhi moja sauti ya Wifi ilisikika ikitokea mbali sana. Mama Pindo akatambua kwamba hakuna aliyemshika. Alivuka uwanja mzima akipiga mayowe ya furaha, na kwa kuwa somo la breki lilikuwa bado, akaenda kukumbatia nguzo ya goli.

Alipoiva, aliitoa baiskeli nyeusi ukumbini, akaikokota hadi kwa fundi wa kuchomelea vyuma pamoja na kiunzi cha baiskeli nyingine, na kumwomba azifanye moja, ya kukanyagwa na watu wawili.

"Nikate baiskeli ya Bwana Mita?" fundi aliuliza. "Ataniua."

"Akikuuliza, nitaje mimi."

Usiku huo mumewe alipapasa ukuta wa ukumbini, akakuta ukuta mtupu. "Umeiuza?" aliuliza taratibu.

"Iko kwa fundi."

"Ya nini kumtengenezea kipofu baiskeli?"

Neno hilo hakuwahi kulitamka kabla ya siku ile. Mama Pindo akasema tu, "Kula, chakula kinapoa."

Baiskeli ilirudi ndefu kama ngazi. Mumewe aliipitishia mikono toka mbele: usukani, kiti, pedali. Akaendelea. Usukani tena, kiti tena, pedali tena. Akarudi mwanzo.

"Na mbele anakaa nani?"

"Mimi."

"Wewe baiskeli hujui."

"Muulize dada yako. Miba yote ya ua wa shule ninayo mimi mwilini."

Bwana Mita aliweka mkono juu ya kiti cha nyuma. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Mkewe alidhani analia, kumbe anacheka.

Jumamosi walitoka kuelekea mnarani. Kwa muda wa kwanza alikaa nyuma amekakamaa kama gunia la saruji, akitoa amri: punguza, iachie, usibane breki ukiwa kwenye mchanga. Walipoiacha barabara kuu na kelele zake, akalegea kidogo.

"Unaona nini?"

"Barabara."

"Barabara tu? Mimi nilikuletea punda mzima!"

Mama Pindo alicheka, akajaribu. Maneno ya mashamba hakuwa nayo, akatumia ya kwake. Shamba la kushoto ni khaki iliyofuliwa mara nyingi. Lile la kulia ni kijani cha kitenge kipya, bado kina nta. Njia mbele imekatwa na mkasi butu. Nyuma yake alihisi pedali zikikanyagwa kwa nguvu zaidi.

"Sasa mbele utaona mkorosho umeinama," alisema Bwana Mita. "Hapo kata kushoto."

Mkorosho haukuwapo. Palikuwa na njia tatu na kibanda kipya cha pampu, naye akamwambia hivyo.

"Haiwezekani. Kata kushoto."

Alikata kushoto. Njia ikawa nyembamba, ikawa majani, ikaishia katikati ya mahindi. Bwana Mita alishuka, akanyoosha mikono akashika mabua pande zote. Uso wake ukabadilika.

"Nirudishe nyumbani," alisema. "Nilidhani walau kichwani bado ninaona."

Mama Pindo aliilaza baiskeli, akamkalisha chini na kuketi karibu naye, bega kwa bega. Alitamani kumwambia twende, na alijua wakirudi sasa hawatatoka tena.

"Wewe ndiye umepotea," alisema hatimaye. "Mimi sijapotea, maana sikuwahi kupajua. Mtembea bure si sawa na mkaa bure, mume wangu. Hebu sikiliza, unasikia nini?"

"Mahindi."

"Na zaidi?"

Alinyanyua kichwa. Ilipita muda. "Kuna mivinje," alisema polepole, akigeuza uso upande wa upepo. "Ile sauti ya kufagia. Mivinje iko ukingoni, pale mteremko wa mnarani unapoanza."

"Basi nionyeshe kwa kidole."

Wakaikokota baiskeli kwa kufuata kidole kile, mke akimwongoza mumewe aepuke mashimo, hadi mahindi yalipokwisha na ardhi ikakatika ghafla mbele yao. Mama Pindo alisimama. Bahari aliijua ya sokoni, iliyojaa mitumbwi na takataka. Hii ilikuwa nyingine.

"Ikoje?" aliuliza mumewe. "Niambie."

"Ni satini," alisema. "Ya buluu. Wameikunjua na bado haijapigwa pasi."

Mteremko wa kwenda mnarani ulikuwa mrefu na njia ilikuwa yao peke yao. Mama Pindo aliiachia. Upepo ulimvua kitambaa kichwani, na nyuma yake mtu mzima mwenye mvi alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, anapiga vigelegele kama shangazi harusini.

Mlinzi wa mnara alitoka mbio nyumbani kwake. "Bwana Mita! Bado unakuja kusoma mita?"

"Nimekuja na macho yangu," alijibu, akaweka mkono begani kwa mkewe.

Tangu hapo cherehani kikafungwa kila Jumamosi, hata kwa mabibi harusi. Mwanga uliobakia ukamwishia Bwana Mita msimu mmoja wa mvua. Walilia siku hiyo, na Jumamosi wakatoka.

Kisha wiki moja akashikwa na homa. "Nenda peke yako," alimwambia mkewe. "Uniletee habari."

Alikwenda kwa shingo upande, na baiskeli ilikuwa nyepesi mno nyuma. Alirudi jioni amechomwa na jua, akaketi ukingoni mwa kitanda akasimulia kila kitu, isipokuwa kitu kimoja.

Jumamosi iliyofuata, kwenye kibanda cha pampu, alikata kulia.

"Hapa si kulia," alisema Bwana Mita.

"Ni kulia."

Walikwenda. Kivuli kiliwafunika, kikawaacha, kikawafunika tena. Bwana Mita aliinua pua kunusa. "Maji yanapita chini yetu," alisema. "Na hiyo harufu ya maua... Mke wangu, njia hii siijui."

"Najua huijui. Hii si ya kwako, ni yangu, niliipata ulipokuwa na homa."

Bwana Mita akakanyaga.

"Haya," alisema. "Anza mwanzo. Na usiruke kitu."