Breki za Mwalimu Nikolaus

Kwa miaka ishirini na moja Ashrafu Kibwana alifungua kila gari lililosukumwa hadi kwenye gereji yake ya Mabwerebwere, Kilosa. Malori ya mkaa, Land Rover zilizochoka, pikipiki za bodaboda, hata trekta za mashamba ya mkonge. Aina moja tu aliikataa, nayo ni Morris Minor, vile vigari vya Kiingereza vyenye mgongo wa kobe ambavyo mameneja wa mkonge waliviacha Kimamba walipoondoka. Aliyekuja na Morisi aliambiwa spea hazipatikani. Haikuwa kweli. Spea alikuwa nazo, ndani ya pipa nyuma ya gereji, amezifunika kwa turubai.

Mkewe, Yusrah, ndiye pekee aliyehisi kwamba kukataa kule kulikuwa na jambo. Alasiri, wakiwa wamekaa barazani baada ya swala, Ashrafu alikuwa akinyamaza ghafla na kuinua kichwa. Alisikia injini ikishuka gia, kutoka ya nne kwenda ya tatu, kisha ya pili, kisha ikipiga kelele kama kitu kilichobanwa. Yusrah akitazama barabarani, hapakuwa na gari. Miaka ya mwanzo alimpeleka kwa shehe akasomewa. Baadaye akaacha kuuliza. Sauti ikija, humwekea mumewe kikombe cha chai mkononi na kukaa karibu naye mpaka ipite.

Injini ile Ashrafu aliijua. Aliifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Mwaka 2003 Mwalimu Nikolaus wa Kimamba alipata uhamisho, akawa mwalimu mkuu wa shule moja upande wa Mikumi. Alikuwa na Morisi ya mwaka 1960, injini yake ndogo imechoka. Kwenye vilima vya baada ya kijiji cha Ulaya gari lilikuwa likimgomea. Alikuwa akishuka anaweka mawe nyuma ya magurudumu, anasubiri lipoe, anapanda tena. Siku moja alimfuata Ashrafu akamwambia anataka gari lake lipande mlima kama magari ya watu.

Ashrafu alikuwa na miaka thelathini na minne, na jina lake ndiyo kwanza lilikuwa linaanza kusikika. Alipata injini ya Toyota kutoka kwenye kipanya cha abiria kilichopinduka, pamoja na giaboksi yake ya gia tano. Alikata mauntingi za zamani zilizoshikilia injini akachomelea mpya. Propela shafti, chuma kirefu cha kuzungusha magurudumu ya nyuma, akaipeleka Morogoro ikafupishwa na kukerezwa. Rejeta akaweka kubwa zaidi. Siku alipoliwasha, mafundi wenzake walitoka kwenye gereji zao kuja kusikiliza. Kigari kile kilikuwa na nguvu karibu maradufu ya zile kilizoumbiwa.

Breki zilibaki zile zile. Dramu ndogo, pana kama sahani ya chai, zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lisiloweza kukimbia. Ashrafu alijua. Mwalimu alikuwa na haraka ya kwenda kazini, na Ashrafu alikuwa na haraka ya kusifiwa. Alijisemea moyoni kwamba breki atazifanya Mwalimu akirudi likizo. Hakumwambia.

Wiki ya tatu, Jumatatu asubuhi, Morisi ilishuka mteremko wa mwisho kabla ya daraja la njia ya Mikumi, ikaacha barabara na kuangukia korongoni. Mwalimu Nikolaus alikutwa amekufa. Waliofika wa kwanza walisema lazima alisinzia, maana alikuwa ametoka Kimamba alfajiri. Maneno hayo yakaenea, na Ashrafu akayapokea kama mtu anayepokea maji jangwani. Alisinzia. Mtu akisinzia, breki zina kosa gani? Alibeba jeneza pamoja na wanaume wengine, akarudi nyumbani, na kabla ya arobaini kuisha akaanza kuisikia ile injini.

Basi mwaka jana, mwezi wa Juni, lori lilisimama mbele ya gereji, na juu yake kulikuwa na ile Morisi. Msichana aliyeshuka alikuwa Hildegarda, binti wa pekee wa Mwalimu. Baba yake alipokufa alikuwa na miaka minane. Sasa anafanya kazi maabara kule Berega. Alimwamkia shikamoo, Ashrafu akaitikia marahaba bila kuyaondoa macho kwenye lori.

Hildegarda alieleza kwamba gari lilikaa miaka yote bandani nyuma ya jiko la mama yake, Kimamba. Injini iliuzwa na ndugu baada ya msiba. Bodi ameinyoosha kwa fundi mwingine. Anataka lifungwe injini nzuri, yenye nguvu, alitembeze. Ashrafu alifungua kinywa kusema spea hazipatikani.

“Mama amesema nije kwako tu,” Hildegarda akasema. “Amesema baba alikuwa hamwamini fundi mwingine.”

Ashrafu alishindwa kukataa. Gari likashushwa.

Siku nne hakuligusa. Alifanya kazi nyingine akiwa ameligeuzia mgongo, na mara kadhaa aligeuka haraka akidhani mlango wa gari umefunguka. Siku ya tano alijilaza chini yake. Katika Morisi masta silinda ya breki, ile pampu ya kusukuma mafuta, iko chini ya sakafu, miguuni pa dereva, na mkono wa pedeli hupita kwenye tundu la sakafu kuifikia. Alitaka kuifungua aitazame. Akaona mkono ule, chuma kinene kama kidole gumba, umepinda.

Alitoka chini, akaingia ndani, akakaa kwenye kiti. Alipima kwa jicho. Mbele gari lilikuwa limebonyea upande wa kushoto, mbali na pedeli; ajali haikuweza kukipinda chuma kile. Kilipindwa na mguu. Mtu alikuwa amekikanyaga kwa uzito wake wote, mgongo ameusukuma kwenye kiti, akakanyaga tena na tena, na gari halikupunguza mwendo, kwa sababu lining, zile bitana za breki, zilikuwa zimeshika moto na dramu zinateleza. Mwalimu hakusinzia. Alikuwa macho mteremko mzima, akishusha gia, ya nne, ya tatu, ya pili.

Ashrafu alikaa humo mpaka Yusrah alipokuja kumtafuta kwa chakula cha mchana. Alimweleza yote, kwa mara ya kwanza. Yusrah alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya paa la gari. Hakumlaumu wala hakumtuliza. Alimwambia kwamba aliyekuwa akimdai neno hilo siye yeye, ni mwanamke aliyeko Kimamba.

Kesho yake Ashrafu alikwenda Kimamba na chuma kile kimefungwa kwenye kitambaa. Hildegarda alikuwepo, amekuja kumwona mama yake. Paulina, mjane wa Mwalimu, alimkaribisha, akamwekea kigoda uani. Ashrafu alimwamkia, kisha, kabla hajaletewa maji, alifungua kitambaa na kusema alichokuja kukisema. Kwamba yeye ndiye aliyefunga injini kubwa na kuacha breki ndogo. Kwamba alijua. Kwamba Mwalimu hakusinzia.

Hildegarda alisimama akaondoka uani. Paulina alikichukua kile chuma akakiweka mapajani, akapitisha kidole mahali kilipopinda.

“Alikanyaga?” akauliza.

“Alikanyaga, mama. Kwa nguvu zake zote.”

“Una hakika? Usinifariji, fundi.”

“Ningetaka kukufariji ningekaa kimya kama nilivyokaa.”

Paulina alianza kulia, na kilio chake kilimtisha Ashrafu kwa sababu hakikuwa cha hasira. Alieleza huku analia. Asubuhi ile ya Jumatatu yeye na mumewe waligombana. Mwalimu alitaka familia ihamie Mikumi. Paulina alikataa kuacha shamba na mama yake mgonjwa. Maneno yakawa makali. Mwalimu alipokuwa anaingia kwenye gari aligeuka, akamwambia: “Basi, mtanikumbuka.” Saa mbili baadaye alikuwa amekufa, kwenye barabara aliyoijua, asubuhi kweupe.

“Miaka yote hii,” Paulina akasema, “nilijua alijitupa. Nilijua ni mimi. Nikiomba misa ya kumwombea, naomba nikiwa naona aibu, maana sikujua kama mtu wa namna hiyo anaombewa. Mtoto sikumwambia.” Akakiinua kile chuma. “Kumbe alikuwa anataka kurudi.”

Ashrafu alikuwa amekuja kubebeshwa mzigo, na mzigo ulikuwa wake kweli; hakutegemea kwamba chini ya kimya chake kulikuwa na mzigo mwingine, wa Paulina, miaka ishirini na moja. Kama angesema siku ya mazishi, mwanamke huyu angelia kilio kimoja kama wajane wengine. Jambo hilo lilimuuma kuliko ajali yenyewe, na linamuuma bado.

Hakuna aliyemwambia amesamehewa. Hildegarda alikaa wiki tatu bila kupokea simu yake. Kisha akaja gereji, akaamkia kwa ubaridi, akasema gari limaliziwe, lakini atakuwepo kila Jumamosi na ataelezwa kila kitu kinachofungwa.

Safari hii Ashrafu alianza na breki. Akaweka breki za diski mbele, kutoka kwenye Toyota Starlet, akachonga bamba za kuzishikia mara tatu mpaka zikakaa sawasawa. Masta silinda akaweka ya njia mbili, ili mbele zikishindwa nyuma zishike. Hildegarda ndiye aliyekanyaga pedeli wakati wa kutoa hewa kwenye mafuta ya breki, Ashrafu akiwa chini akimwambia kanyaga, shikilia, achia. Ndipo akafunga injini, Toyota ya aina ile ile ya kwanza, maana alitaka kuifunga kama ilivyostahili kufungwa.

Mwezi wa Novemba Paulina aliomba apelekwe Mikumi. Ashrafu aliendesha, Hildegarda mbele, mama yake nyuma. Baada ya Ulaya vilima vilianza. Kwenye mteremko alishuka kwa gia ya pili, akikanyaga kidogo kidogo, na gari lilitii. Mgongo wake ulilowa jasho. Mara mbili alitazama kioo cha ndani, na mara zote mbili ilimjia kwamba walikuwa wanne.

Darajani Paulina aliomba wasimame. Aliteremka hadi ukingoni mwa korongo, akaongea Kikaguru, taratibu, kama mtu anayemweleza mwenzake habari za nyumbani. Hildegarda alimfuata. Ashrafu alibaki kando ya gari, kofia yake mkononi.

Mikumi walikunywa chai kwenye hoteli ndogo karibu na stendi. Walipoinuka, Paulina aliwaambia kwamba kuja ameweza, kurudi kwa gari lile hawezi. Akapanda basi la Kilosa.

Ashrafu na Hildegarda walirudi nyuma ya basi lile, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Kila penye mlima basi lilipunguza mwendo mpaka likawa linatambaa, na Morisi ingeweza kulipita bila shida. Hildegarda alimtazama mara moja, kama anayetaka kuuliza. Ashrafu akaacha nafasi ya kutosha mbele, akabaki pale pale nyuma hadi Kilosa.