Nani Aitwe Baba

Tulikuwa watano, Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwa mjukuu wangu kule Dubai, Jumeirah Village Circle. Mimi, yeye mjukuu ambaye ni mtoto wa mwanangu wa kiume, mkewe Mbulgaria, mama wa huyo mkewe, aliyekuja kumwona mtoto na kesho yake anarudi kwao, na jirani yao wa Kipolandi, aliyeleta keki. Mtoto mwenyewe, kitukuu changu, bado hajasema neno. Majina yao nayakumbuka yote, ila watu hawapendi kuandikwa.

Yule mama akawa anamwinamia mtoto, "Baba, baba," huku anajigusa kifua. Kwao bibi ndiye baba.

Mjukuu wangu akakunja uso. "Bibi, mwambie. Baba humu ndani ni mimi."

"Nimwambie kwa lugha gani?"

Jirani akacheka, mke wa mjukuu akitufasiria. Kwao Poland ukimwita mwanamke baba ni kama umemdharau. Bibi wanamwita babcha. Na keki ile nayo jina lake baba, eti imepanuka chini kama sketi ya mwanamke mzee. Wafaransa wakaichukua na jina lake, wakailowesha pombe. Hii haikuwa na pombe, niliuliza kabla sijaionja.

"Sasa neno lenyewe la nani?" nikauliza.

"La watoto, Bibi," akasema mke wa mjukuu. "Midomo ikigusana linatoka lenyewe. Wakubwa ndio wanaligombania."

Mama yake hakutuelewa, lakini uso wa mkwewe aliusoma. Akashika kukunja nguo za mtoto ambazo zilikwisha kunjwa. Nikamwonea imani. Mtoto akija kumwona kwenye simu, amwite nani?

Nikamgeukia mjukuu. "Wewe ulikuwa ukimwita nani baba?"

Akaikata keki.

"Sema."

"Babu."

Ni kweli. Nyumba yetu ilikuwa ya watu wengi. Wanangu wote wakimwita mume wangu baba, naye mjukuu akafuata. Baba yake mzazi akamwita ami, kama walivyomwita binamu zake.

"Baba yako alilalamika?"

"Hakulalamika."

"Basi khalas."

"Bibi, wewe ungekuwa hakimu tungefungwa sote." Akamnyanyua mtoto, akampakatisha mama mkwe wake. "Haya, nenda kwa baba."

Neno hilo halikuhitaji mfasiri. Yule mama alimkumbatia mpaka mtoto akalia, tukacheka.

Maneno haya ya Kizungu nimeyashika kwa masikio tu, sikuyasoma popote. Anayeyajua vizuri, au aliyekuwapo siku ile, akiona nimechanganya anirekebishe.