Masale Niliyoyauza Kwa Mrombo

Kabla hujaniita mwongo, njoo kwangu uone. Nyumba ipo, juu kidogo ya Maji ya Chai, ukiuliza kwa fundi mwenye geti la bluu hata mtoto atakuleta. Masale yapo pale kwenye pembe ya kiwanja, yameshanipita urefu. Pombe sinywi, uchawi sina, na sijawahi kuota nikiwa nimesimama. Haya yalinitokea mimi, kwa macho haya haya, na jua lilikuwa halijazama.

Kwanza ujue anayekusimulia ni mtu gani. Shule niliishia darasa la nne. Nilianza kwa kubeba zege kichwani, nikapanda kuwa fundi, na fundi nikawa fundi kweli, siyo hawa wa siku hizi wanaojenga kwa simu. Nipitishe Terrat, nipitishe Kwa Mrombo, nitakuonyesha kuta zangu moja baada ya nyingine, na hakuna hata moja iliyopasuka. Nani mwingine Arusha hii anaweza kukwambia hivyo bila kumeza mate?

Nyumba yangu ya kwanza, ya mtaa wa Kwa Mrombo, niliijenga kwa mikono yangu mwenyewe, kila tofali. Siku nilipomwaga ngazi ya mbele, binti yangu Neema alikuwa ndiyo anaanza kutembea. Akachomoka kwa mama yake akakanyaga simenti mbichi, mguu mmoja, vidole vyote vitano vikajichora. Mke wangu akasema sawazisha hapo haraka. Nikamwambia acha, huo ndio mhuri wa mwenye nyumba.

Na kwenye pembe ya kiwanja, mama yangu alipanda masale.

Kama wewe siyo mtu wa mlimani nitakueleza. Masale ni mmea wa majani marefu ya kijani. Sisi Wameru tunaweka nao mipaka, na mtu uliyemkosea ukimpelekea jani la masale, hata awe na hasira kama moto, inabidi akusikilize. Siyo ua la kupamba. Na haya ya mama yalikuwa na habari yake. Baba alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ndugu zake wakagawana kihamba, shamba la ukoo, migomba na kahawa yote, mama wakamwambia arudi kwao. Mama akatoka na vitu viwili tu: mimi mgongoni, na shina la masale alilolichimbua kichwani pa kaburi la baba. Tulipokuwa tunapanga vyumba alilitunza kwenye kopo la rangi. Nilipopata kiwanja Kwa Mrombo, kabla hata sijachimba msingi, yeye alishapanda. Akanawa mikono, akasema, "Sasa baba yako naye ana kwake."

Nilicheka. Mimi ni Mlutheri, nina kipaimara, mambo hayo nilikuwa nayaona ya wazee.

Basi, miaka kadhaa iliyopita akaja baba mmoja mwenye duka la vipuri vya magari. Akaipenda nyumba. Bei aliyotaja, amini usiamini, haikuwahi kutajwa katika mtaa ule. Mimi mtu wa biashara, sikusubiri kukuche.

"Baba Neema, na sisi tutakwenda wapi?" mke wangu akauliza.

"Mwenye hela hakosi nyumba. Nyumba zitanifuata zenyewe."

"Zina miguu?"

"Utaona."

Siku ya makabidhiano tukazunguka mipaka, kama ilivyo desturi: mimi, mnunuzi, mtu wa serikali ya mtaa na majirani. Unafika kila pembe, unasimama, unatamka mbele ya mashahidi kwamba hapa nimempa huyu. Tulipofika kwenye masale mnunuzi akauliza, "Na haya majani?" Nilikuwa na raha siku ile, mdomo mwepesi. Nikamjibu kwa sauti, watu wote wanasikia: "Nayo ni yako. Yang'oe ukipenda."

Wakacheka. Nami nikacheka kuliko wote.

Tukahamia nyumba ya kupanga huku Maji ya Chai wakati natafuta ya kununua. Mama alikuja na mzigo wake mmoja, kitenge kimefungwa fundo. Akauliza, "Masale umeyachukua?" Nikamwambia, "Mama, nimeuza mpaka na kilichosimama juu yake." Hakupiga kelele. Aliuweka mzigo karibu na mlango, akaukalia. Kuufungua akakataa. Kitanda nilimnunulia kipya, akakilalia, lakini kukicha amerudi mlangoni juu ya mzigo wake, kama mtu anayesubiri basi.

Na alikuwa mgonjwa. Miguu ilivimba, pumzi fupi. Siku moja akaniambia mbele ya mke wangu, "Mwanangu, nikifia humu utamwomba mwenye nyumba anipe na kaburi?"

Wewe ungejibu nini? Kwetu mtu huzikwa kwake. Kihamba hatuna, nyumba nimeuza. Mimi niliyewajengea watu nusu ya mji sikuwa na futi sita za mama yangu. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta nyumba kwa nguvu zote.

Nikaona nyumba nyingi. Hii msingi wake uongo, ile ukuta unalia ukiugonga, nyingine nzuri kabisa ila siku ya kukubaliana mwenyewe anabadili mawazo bila sababu. Sikutishika. Nilijua ni suala la muda. Mama ndiye hakuwa na muda.

Ndipo dalali wangu, kijana anaitwa Elibariki, akanipigia. "Fundi, kuna nyumba huku juu, panda sasa hivi tuione." Ilikuwa alasiri, wakati wa masika. Nikapanda kwa miguu kupitia mashamba ya kahawa, na ukungu ukashuka kutoka Meru. Unaujua ukungu wa kwetu? Unaweza kumsikia ng'ombe akitafuna karibu yako na usimwone. Simu ikakata mtandao. Nikaendelea tu, njia za mlimani nimezaliwa nazo.

Mbele yangu ikatokea nyumba. Kwenye ngazi ameketi mzee, mwembamba, koti refu jeusi, na magotini amepakata kitu kimefunikwa kwa jani la mgomba. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha. Mimi nimelowa mpaka shati la ndani. Yeye mkavu.

"Shikamoo mzee."

Hakuitikia. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Wewe unauza au unanunua?"

"Nanunua. Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Nilikuwa." Akacheka, mkono umeziba mdomo. "Gonga ukuta, fundi. Si ndiyo kazi yako? Gonga usikie."

Nikajua Elibariki amemwambia habari zangu. Nikagonga. Ukuta ukanijibu vizuri, mzito, hauna uongo. Nikasema, "Huyu aliyejenga anajua."

"Kujenga anajua," mzee akasema. "Kukaa ndiyo hajui. Mpumbavu mmoja hivi, kifua mbele kama jogoo."

Nikacheka naye. Nilimcheka huyo mpumbavu, Mungu anisamehe. Nikauliza, "Anauza bei gani?"

"Uliza vizuri. Ameuza nini."

Nikainama kukagua ngazi, na hapo, ndugu yangu, nikaona. Kwenye simenti palikuwa na mguu mdogo. Vidole vitano. Nikainua macho. Mlango ule niliuning'iniza mimi. Dirisha lile nondo zake nilizikata mimi. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yangu ya Kwa Mrombo, huku juu mlimani, katikati ya kahawa!

"Na Neema naye umemuuza?" mzee akauliza, taratibu kabisa.

Jina hilo sikuwa nimelitaja. "Mzee, wewe ni nani?"

"Mimi ni wa kwenye pembe. Si ulisema mwenyewe mbele ya watu, yang'oe ukipenda? Basi nimejing'oa."

Akasimama. Ndipo nilipoona koti lake halina kifungo kifuani, amelibana kwa spoku ya baiskeli. Akafunua lile jani la mgomba, akaniwekea mikononi shina la masale lenye mizizi na udongo wake. Mimi udongo naujua, nimeuchimba maisha yangu yote. Wa mlimani ni mweusi, laini. Ule ulikuwa wa kijivu, una vipande vya kokoto na matone ya rangi ya bluu niliyopakia geti langu la zamani.

"Hukunipa pa kukaa, nimejitafutia," akasema, akakanyaga chini kwa kisigino. "Ni hapa. Panda kwanza, mengine yatafuata. Na mama yako mwambie afungue mzigo."

Akageuka. Ukungu ukamchukua, na nyumba ikaenda naye, ukuta baada ya ukuta, ngazi ikapotea mwisho.

"Fundi! Fundi, uko wapi?" Ni Elibariki, anahema. "Nakupigia hupatikani. Umefikaje huku? Nyumba iko ng'ambo ya korongo."

"Na hapa?"

"Hapa kiwanja kitupu. Kinauzwa, ila wewe si ulisema msingi huchimbi tena?" Akaangalia mikono yangu. "Hayo masale umeyatoa wapi?"

Nilishuka, nikawasha gari nililoliacha barabarani, nikaenda mpaka Kwa Mrombo. Mnunuzi akanipokea vizuri, akanipeleka kwenye pembe kabla sijamuuliza. Palikuwa na shimo.

"Mzee wako ameshachukua leo asubuhi," akasema. "Amesema umemtuma. Mcheshi kweli! Ila kwa nini humnunulii baba yako koti, fundi? Amelibana na spoku." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Na nikwambie, tangu nihamie mlango wa jikoni ulikuwa haukubali kufungwa. Naufunga, unafunguka. Alipotoka getini ukajifunga wenyewe."

Nikarudi nyumbani na masale mikononi. Mama alikuwa mlangoni, juu ya mzigo wake. Nilimweleza yote. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza jambo moja tu.

"Koti alikuwa amelifunga na nini?"

"Spoku ya baiskeli."

Mama yangu akacheka. Tangu tuhame sikuwa nimekisikia kicheko kile. "Kifungo nilimwambia nitakishona kesho," akasema. "Kesho yenyewe hakuifikia." Akateremka kwenye mzigo, akafungua fundo kwa vidole vyake vilivyovimba. Ndani mlikuwa na blanketi, kitabu cha nyimbo za kanisani, na kifungo kimoja kikubwa cheusi, kimetiwa uzi na sindano.

Hiyo habari ya spoku sikuwahi kuambiwa, wala picha ya baba haipo duniani. Sasa niambie, nilikutana na nani?

Kile kiwanja nilikinunua. Masale nikayapanda kwanza, mama ameketi kwenye kiti anaelekeza, "Sogeza kidogo, yeye anapenda kivuli." Msingi ukafuata. Nilijenga kama sijawahi kujenga, nyumba bora kuliko ile, na sisemi kwa kujisifu, njoo ugonge ukuta. Mama akaingia kabla hata dari haijapigwa. Alikaa humo, akala kahawa mbivu kutoka mtini kama mtoto, na siku yake ilipofika alifia kitandani kwake, chini ya bati lake. Tulimzika pale pembeni, kando ya masale. Mchungaji aliyaona, akayazunguka kwa adabu, akaendelea na ibada. Mkononi mwa mama tuliweka kifungo na sindano yake.

Masika yaliyofuata nilikuwa napalilia kaburi. Kwenye shina la masale nikaona chuma chembamba kimechomekwa ardhini. Nikakivuta. Spoku ya baiskeli, imeota kutu. Nikairudisha palepale.

Mpaka leo kila nikitoka asubuhi nasimama kwenye pembe ile nasema shikamoo. Marahaba bado sijaipata, lakini sichoki.

Wewe uza. Mimi si mtu wa kumzuia mtu biashara, bei nzuri haipigi hodi mara mbili. Ila kabla hujapokea hela ya mtu, uwe umeshajua kesho yake utalala wapi na mzazi wako atalala wapi. Na siku ya kuzunguka mipaka funga mdomo wako. Taja kiwanja, taja nyumba, ishia hapo. Vilivyopandwa na mama yako usivigawe kwa mzaha, maana kwenye pembe kuna anayesikiliza.