Maji Mekundu ya Matembele

Katika miaka yote niliyotumikia masijala ya wilaya hapa Bariadi, sikuwahi kupokea jalada bila kulifungua. Sioni kwa nini nilaumiwe kwa kuikagua sufuria ya dada yangu.

Alitoka Ngulyati na gunia la michembe, viazi vitamu vinavyoanikwa vikiwa vibichi, na mfuko wa matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza. Alikuja kumuuguza mke wangu, aliyekuwa amepungukiwa damu hadi akashika ukuta kwenda msalani. Hospitali ilimpa vidonge na kumtaka arudi baada ya mwezi. Kipimo kisipopanda, angepelekwa Mwanza kuongezewa damu. Safari hiyo aliiogopa mno, kwa kuwa mama yake mdogo alipelekwa vivyo hivyo na hakurudi akiwa hai.

Nilifungua daftari. Kila asubuhi niliandika saa, kidonge kimoja, matobolwa, chai ya rangi kikombe kimoja, kisha nikatia sahihi.

Dada alikuwa na utaratibu wake. Alichuma matembele, yaani majani ya viazi, akayachemsha mpaka maji yakakolea kijani. Kisha alinigeuzia mgongo, akaingiza mkono ndani ya kanga na kukamulia kitu kikombeni. Alipogeuka, maji yalikuwa mekundu.

"Umetia nini humo?"

"Damu ya wifi yangu," alisema, akacheka. "Iandike."

"Nimekuuliza kwa heshima."

"Nami nimekujibu kwa heshima, bwana masijala. Mama alipokubandika majani haya haya kwenye majipu, mbona hukudai barua?"

Sikuridhika. Nilijua ana rafiki anayeuza unga wa mizizi mnadani Dutwa. Nilichungulia jikoni, nikanusa kikombe, na naungama kwamba nilipekua hata mkoba wake, sikukuta kitu. Kwa hiyo kila kikombe nilikiingiza kwa wino mwekundu: kitu kisichojulikana.

Mwezi ulipokwisha tulikwenda hospitali wote watatu. Kipimo hakikupanda hata kidogo. Nilimwekea muuguzi daftari mezani, nikamwonyesha safu nyekundu.

"Bibi, unamtilia nini mgonjwa?" aliuliza.

Dada alifungua fundo la kanga, akaweka nusu ya limau juu ya daftari langu.

"Hili tu. Maji ya matembele yakitiwa limau hugeuka mekundu. Alivyokuwa ananivizia kama mgambo, nikaona nimpe kazi."

Muuguzi alijizuia kucheka. Kisha macho yake yakahamia safu ya pili, ile niliyoiona safi.

"Mzee, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu."

"Na chai hii anainywa pamoja na kidonge?"

"Bila kukosa hata siku moja."

"Basi ndiyo inayoizuia dawa. Kidonge anywe kwa maji, chai ingoje saa kadhaa, na limau linasaidia. Matembele ni mboga nzuri, ale, lakini yasichukue nafasi ya dawa. Tujaribu mwezi mmoja mwingine. Ikishindikana, ni Mwanza."

Mke wangu alisogea mezani. Alinyoosha mkono, akalifunga daftari.

Sikuchana ukurasa. Chini yake niliandika kwa wino ule ule mwekundu: kosa ni la mwandishi. Niliandika pia, kwa sababu ni kweli, kwamba siku ya kwanza dirisha la dawa lilitukabidhi vidonge bila kutaja chai.

Mwezi uliofuata kipimo kilipanda, na Mwanza hatukwenda. Dada anadai ni majani yake. Muuguzi alisema ni vidonge. Sehemu ya sababu nimeiacha wazi mpaka atokee wa kuithibitisha. Dada angali ananigeuzia mgongo anapokamua, nami ningali nauliza ni nini.

Jana alasiri mke wangu alitoka chumbani, akavuka sebule yote bila kugusa ukuta, akasimama mbele yangu.

"Kidonge nilimeza asubuhi, kwa maji," alisema. "Sasa naomba kibali cha chai."

Nilitazama saa kwanza. Kisha nikainuka kumchemshia.