Maji Chini ya Maktaba

Verediana alikuwa amedeki maktaba ya chuo kimoja cha Kasulu kwa miaka ishirini na mitatu, na kila mvua zilipoanza ukuta wa mashariki ulilowa. Chuo kilibadilisha bati mara mbili, maji yakarudi mara mbili. Aliwahi kumwambia bwana stoo kwamba maji yale hayatoki juu. Bwana stoo alicheka, akamwambia ashike kazi yake.

Novemba 2013 walifika wanafunzi watano wa usanifu majengo kutoka Dar es Salaam, wamepewa kazi ya kulichora upya jengo lile la tofali za kuchoma. Kiongozi wao, Lusajo, alipima kuta siku tatu, kisha akatandaza mchoro mezani: nusu ya jengo ibomolewe, mashariki usimame ukumbi wa vioo.

Verediana aliacha kudeki, akaweka kidole kwenye mchoro.

“Hili ndilo dirisha la pili?” aliuliza.

“Ndiyo, mama,” alijibu Lusajo.

“Basi wanangu, ukumbi mmeuweka juu ya maji.”

Yasmini, binti pekee kati yao, alimsogezea kiti. “Maji gani, mama? Tueleze.”

Akaeleza. Marehemu baba yake alibeba tofali za jengo lile, na alimwonyesha akiwa mtoto, kwa kuhesabu hatua kutoka ngazi za mlango, mahali mafundi walipoifunika chemchemi, wakaielekeza bondeni kwa mfereji wa mawe chini ya ardhi.

Kesho yake wakachimba alipoonyesha. Shimo lilifika kiunoni, udongo mkavu. Lusajo alifuta jasho, akasema kwa upole, “Mama, labda tuache.”

Verediana alijua kicheko kitakachomsubiri stoo. Akaanza kutembea taratibu kando ya ukuta, akikumbuka alivyosimama pale na baba yake, hadi akaitambua kasoro: siku zile ngazi za mlango zilikuwa fupi. Zilipoongezwa, yeye aliendelea kuhesabu hatua kutoka ngazi ya mwisho.

“Nimewapoteza mimi,” alisema. “Rudini nyuma hatua mbili.”

Kabla ya saa sita jembe liligonga bamba la jiwe. Walipolinyanyua, mizizi ya mti wa mkaratusi uliokuwa karibu ilikuwa imejaa mferejini kama nywele, na maji yamekwama nyuma yake, yakitafuta njia kuelekea ukutani. Lusajo alikaa kwenye udongo, akayatazama maji. Jioni ile akaukunja mchoro wake, akaanza mwingine.

Siku ya kuuwasilisha, mkuu wa chuo aliuliza utafiti umefanywa na nani. Lusajo akamwita Verediana aeleze mwenyewe. Alisimama na koti lake la kazi, akaeleza. Mhandisi mmoja alimuuliza kama kuta zile bado zinafaa.

“Ukuta hauna ugonjwa,” alisema. “Miguu yake ndiyo imeloa.”

Jengo halikubomolewa. Mfereji ulizibuliwa, ukafunguliwa hadi kwenye bustani, na kuta za zamani zikapanuliwa madirisha. Kazi ilikwisha mwaka 2015. Kwenye michoro, chini ya majina matano ya wanafunzi, liliandikwa la sita: Verediana.

Mwaka huohuo bweni la wasichana lilipopata ufa, mkuu wa chuo alimtuma bwana stoo amwite yeye kwanza. Bwana stoo akaja, akavua kofia, akasema, “Mama, unahitajika bwenini.” Verediana akanawa mikono, akaenda, akapiga magoti na kuweka kiganja kwenye msingi.